Wa Kwanza Hahesabiki Peke Yake

Profesa Grace Alele-Williams alifariki dunia Lagos tarehe 25 Machi 2022, akiwa na umri wa miaka 89. Taazia zake zilianza na mambo mawili: kwamba alikuwa mwanamke wa kwanza wa Nigeria kupata shahada ya uzamivu, na kwamba alikuwa mwanamke wa kwanza kuongoza chuo kikuu nchini humo. Yote mawili ni kweli. Shahada aliipata Chicago mwaka 1963, na uongozi ulimjia mwaka 1985 alipoteuliwa kuwa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Benin, kilichopo katika jiji la Benin, kusini mwa Nigeria.

Tangu hapo nimejiuliza mara nyingi sifa hizi mbili zinatuambia nini juu ya mtu aliyeishi karibu miaka 90. Kusema fulani ni wa kwanza ni kuueleza mlango zaidi ya kumweleza aliyeupita. Tunaarifiwa kwamba kuanzia 1948, elimu ya chuo kikuu ilipoanza Ibadan, hadi 1985, miaka 37 ilipita bila mwanamke yeyote wa Nigeria kukabidhiwa kiti kile. Habari hiyo inawahusu walioushika ufunguo. Juu ya Grace mwenyewe, alichokiwaza, alichokipigania, alichokiacha, bado hatujaambiwa neno.

Yeye alikuwa mtu wa hisabati, na hisabati ina la kusema hapa. Namba tunazohesabia zimejengwa juu ya kanuni ambayo hata mtoto anaielewa: kila namba ina nyingine inayoifuata. Iondoe kanuni hiyo, na moja haitakuwa tena mwanzo wa kitu chochote. Itasimama yenyewe, haina pa kwenda. Ndivyo ilivyo kwa watu pia. Mwanamke aliyefika mahali ambapo hajafuatwa na mwenzake ni wa pekee, na upekee ni jambo la upweke. Anakuwa wa kwanza siku anapokuja wa pili. Kwa hiyo heshima tunayompa marehemu kwa kumwita wa kwanza haiko mikononi mwake kikamilifu. Sehemu yake wanayo waliokuja nyuma, na wale walioamua kuwaruhusu au kuwazuia. Naamini Grace Alele-Williams alilijua hilo kuliko waandishi wa taazia zake, na kwamba sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kumtafuta huyo wa pili.

Alizaliwa Warri, katika delta ya mto Niger, tarehe 16 Desemba 1932. Alisoma Queen's College, Lagos, kisha Ibadan, enzi ambazo hesabu zilichukuliwa kuwa somo la wavulana. Akafundisha wasichana hisabati katika shule ya Queen's School, mjini Ede, kabla ya kwenda Marekani, kwanza Vermont kwa shahada ya uzamili, halafu Chicago. Aliporudi nyumbani mwaka 1963 Nigeria ilikuwa na miaka mitatu ya uhuru, na swali la nani ataandika vitabu vya watoto wa Afrika lilikuwa linaulizwa kila mahali.

Hapa ndipo maisha yake yanapogusa Afrika Mashariki. Mwaka 1962, Entebbe, Uganda, wanahisabati na walimu kutoka nchi kadhaa za Afrika walikaa pamoja na wenzao wa Marekani na Uingereza kuandika vitabu vipya vya hesabu. Mradi wenyewe uliendeshwa kutoka jimbo la Massachusetts, Marekani, chini ya Profesa Ted Martin wa MIT. Alele-Williams alishiriki katika mpango huo na warsha zake kuanzia 1963 hadi 1975. Wasomaji wetu wenye umri wa kutosha huenda wanavikumbuka vitabu vilivyotoka humo, vilivyoitwa kwa jina la Entebbe, na vilivyowafanya wajue maana ya seti kabla hawajamaliza kukariri jedwali la kuzidisha.

Wazo lililokuwa ndani ya vitabu hivyo lilikuwa zuri, na nalitetea hadi leo. Mtoto asikariri kwanza, aone kwanza. Mpe vikombe na visahani, avipange kimoja kwa kimoja, na vikiisha pamoja atakuwa amegundua kwamba idadi ni sawa, hata kama hajui jina la namba yenyewe. Atakuwa amefikia wazo la namba kwa akili yake, bila kiboko. Nchi zilizotoka tu kutawaliwa zilikuwa na sababu ya kupenda fundisho la namna hiyo, maana mtoto anayeuliza kwa nini katika hesabu atauliza kwa nini katika mambo mengine pia.

Halafu likafutwa. Serikali ya Nigeria iliiondoa hisabati hiyo, iliyoitwa hisabati ya kisasa, mashuleni mwaka 1977. Kenya ilifuata mwaka 1981 kwa agizo la Rais Moi. Wazazi walilalamika kwamba hawawezi kuwasaidia watoto wao kazi za nyumbani. Walimu wengi walikuwa wamepewa vitabu vipya bila kuandaliwa ipasavyo, wakafundisha seti kwa kukariri, jambo ambalo ni kinyume kabisa cha kilichokusudiwa. Malalamiko yalikuwa ya haki. Lakini kitabu cha Alele-Williams cha kuwaongoza walimu, Modern Mathematics Handbook for Teachers, kilikuwa kimetoka mwaka 1974. Kilikuwa na miaka mitatu tu wakati serikali ya nchi yake ilipoachana na somo lenyewe.

Nakaa sana kwenye jambo hili kwa sababu taazia huliruka, na mimi naona ndipo penye swali zito kuliko yote. Mtu ametoa miaka 12 ya ubora wa akili yake kwa kazi fulani. Amesafiri, ameandika, amebishana na wenzake juu ya mfano gani utaeleweka na mtoto wa darasa la pili. Kisha linatoka tangazo, kazi inakwisha. Je, miaka ile ilipotea? Tukipima maana ya maisha kwa kile kinachobaki kimesimama, itabidi tukubali kwamba ilipotea, na si ya kwake tu. Barani kwetu mitaala hubadilika na mawaziri. Tukitumia kipimo hicho, walimu wengi wa Afrika wameishi bure.

Mimi nakikataa kipimo hicho. Tazama alichokichagua kuandika: kitabu cha mwalimu. Alikuwa ameona mahali mradi ulipokuwa dhaifu, akaenda kufanya kazi papo hapo. Agizo la serikali lina uwezo wa kuondoa kitabu darasani. Halina uwezo wa kumrudisha mwalimu kwenye kutoelewa. Aliyekwisha kufahamu kwa nini tunabeba moja tunapojumlisha ataendelea kufahamu chini ya mtaala wowote, na atamweleza mtoto kwa namna tofauti na yule aliyeamriwa tu abebe. Wala mkaguzi hataona tofauti hiyo kwenye andalio la somo.

Na kuna kazi yake nyingine ambayo naipenda kuliko zote. Alipokuwa akiongoza Taasisi ya Elimu katika Chuo Kikuu cha Lagos, alianzisha masomo yasiyo ya shahada, yaliyowawezesha wanawake watu wazima waliokuwa wakifundisha shule za msingi kupata vyeti. Fikiria walivyokuwa wanawake hao. Wameshafundisha miaka mingi, wana watoto na wengine wajukuu, wanalipwa kidogo kwa sababu hawana karatasi, na hawana namna ya kuacha nyumba waende kusoma miaka mitatu. Chuo kikuu hakikujengwa kwa ajili yao. Ulimwengu wa wasomi una tabia ya kuona kazi ya vyeti kuwa kazi ya chini, isiyompandisha mtu cheo. Mwanamke mwenye uzamivu wa Chicago, aliyekuja kuwa profesa mwaka 1976, aliiona kuwa inastahili muda wake. Nikiulizwa ukubwa wake uko wapi, nitaanzia hapo kabla ya kutaja Chicago.

Miaka ya Benin, kuanzia 1985 hadi 1991, ilikuwa migumu. Vyama vya siri vya wanafunzi vilikuwa vimeota mizizi katika vyuo vya Nigeria, na kuvikabili kulihitaji moyo. Mpango wa kurekebisha uchumi ulioanza 1986 uliiangusha naira, sarafu ya nchi hiyo, chama cha wahadhiri kikapigwa marufuku 1988, na ghasia dhidi ya mpango huo zilipolipuka Mei 1989 jiji la Benin lilikuwa miongoni mwa yaliyotikisika. Mwanamume akishindwa kuongoza katika hali hiyo, husemwa kwamba fulani ameshindwa. Grace angeshindwa, ingesemwa wanawake wameshindwa. Huo ndio mzigo wa aliye wa pekee: anawabeba wengi ambao bado hawajaruhusiwa kufika. Alimaliza miaka yake akaondoka na heshima yake kamili, na hakuna aliyeweza tena kusema kwa ushahidi kwamba kazi ile haiwezwi na mwanamke.

Hata hivyo kidole kimoja hakivunji chawa. Mwaka 1989 Jadesola Akande, mwanasheria, aliteuliwa kuongoza Chuo Kikuu cha Jimbo la Lagos, na namba ikaanza kuhesabika kwa Nigeria. Kwetu, Olive Mugenda akawa mwanamke wa kwanza kuongoza chuo kikuu cha umma nchini Kenya, Chuo Kikuu cha Kenyatta, mwaka 2006. Katika Chuo Kikuu cha Benin chenyewe mwanamke wa pili, Lilian Salami, alishika nafasi hiyo mwishoni mwa 2019, miaka 28 baada ya Grace kuondoka. Alele-Williams alikuwa hai. Alipata kuona kiti chake mwenyewe kikikaliwa tena na mwanamke, lakini alisubiri hadi alipokaribia miaka 87. Sina furaha kubwa ya kutoa hapo. Kila mwaka katika hiyo 28 una watu waliofanya uamuzi.

Yeye hakusubiri akiwa amekunja mikono. Kuanzia 1986 aliongoza kamisheni ya wanawake katika hisabati ya Umoja wa Wanahisabati wa Afrika, akiwa bado na chuo kizima mabegani.

Namfikiria pia Profesa Wangari Maathai, aliyepata uzamivu wake Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1971, naye akiitwa wa kwanza katika Afrika Mashariki na Kati. Alipofariki 2011 watu hawakuhitaji kulitegemea neno hilo, maana walikuwa na miti ya kuonyesha, ile aliyoipanda. Mwalimu wa walimu hana cha kuonyesha barabarani. Alichokipanda kimo ndani ya vichwa vya watu wasiojulikana, waliofundisha watu wengine wasiojulikana, na hata mwanahisabati hawezi kukihesabu. Ndiyo maana tunakimbilia tarehe na vyeo, ambavyo huandikika kwa urahisi.

Ombi langu kwa wahariri na kwa vyuo vyetu vikuu, Dar es Salaam, Nairobi, Makerere na kwingineko, ni hili. Anapofariki profesa wa aina hii, msitosheke kuandika alikuwa wa ngapi. Tafuteni aliowafundisha, hasa wale ambao hawakupata cheo, muwaulize walijifunza nini na wao wakamfundisha nani. Wale akina mama wa shule za msingi za Lagos, walio hai, ni wazee sana sasa. Waulizwe mwaka huu.