Nani Kakaa Wapi?

Ukifika Mbwajumali, kisiwani Pate, baada ya swala ya alasiri, usiharakishe kuuliza nani mkubwa wa mtaa. Tazama baraza. Mzee huachiwa penye kivuli, aegemee ukuta. Kijana akimwona anakuja husogea bila kuambiwa. Mmarekani William H. Whyte alipiga filamu viwanja vya New York, na mwaka 1980 akachapisha aliyoyaona: watu hukaa palipo na pa kukaa. Waashi waliozijenga baraza za pwani hii, nadhani, wangemcheka kidogo: hilo walilijua. Mimi hunishughulisha zaidi asiyekaa: mwanamke anayeshika kichochoro cha nyuma, njia ndefu, asipite mbele ya wanaume waliojipanga barazani. Naye anatumia nafasi hiyo hiyo, kwa kuikwepa.