Mchagua Jembe si Mkulima

Mchezo wa gofu una sheria moja ambayo hata mtu asiyepata kuucheza yafaa aijue, maana ndani yake mna fundisho. Sheria hiyo yamkataza mchezaji kuingia kiwanjani na fimbo zaidi ya 14. Akizidisha, huadhibiwa: katika shindano la kuhesabu mapigo huongezewa mapigo 2 kwa kila shimo alilocheza akiwa na ziada hiyo, ila adhabu isipite mapigo 4 kwa mzunguko mzima. Lakini tuitazame tena sheria hiyo. Imesema mtu asizidishe. Haikusema popote kwamba asipunguze. Anayeingia na fimbo 7, au 3, au hata 1, hana kosa lo lote.

Hata hivyo, katika viwanja vya Nairobi au Dar es Salaam, kama katika vile vya Scotland au Marekani, si shida kumkuta mtu aliyeanza mchezo juzi, asiyeweza bado kupiga mpira mara mbili mfululizo ukaenda pale alipokusudia, naye mfuko wake umejaa fimbo 14 kamili. Aulizwapo kwa nini 14, hujibu kwamba ndivyo sheria ilivyo. Kutokana na jibu hilo twaliuliza swali letu la leo: Je, kila kilichoruhusiwa ndicho kinachohitajiwa?

Wasomaji wetu wengi hawajapata kushika fimbo ya gofu, basi yatupasa kueleza kidogo. Mchezaji hupiga mpira mdogo kutoka mahali pa kuanzia mpaka uingie katika shimo, kisha huendelea na shimo la pili, hata yatimie 18. Mshindi ni yule aliyetumia mapigo machache. Fimbo hutofautiana kwa urefu na kwa mwinamo wa uso wake. Yenye uso uliosimama huupeleka mpira mbali na chini. Yenye uso uliolala huuinua juu na kuuangusha karibu. Nyingine, yenye uso uliosimama karibu wima, ni ya kuusukumia mpira kwenye nyasi fupi zilizo kando ya shimo. Kati ya fimbo ndefu kuliko zote na ile fupi ya kutolea mpira mchangani, wamepangwa ndugu wengi wenye namba, kila mmoja akitofautiana na jirani yake kwa digrii 3 au 4 tu.

Wingi huo haukuwapo tangu mwanzo. Zamani mipini ilikuwa ya mti, kila fimbo na tabia yake, na mchezaji alijifunza kuipigia kwa namna nyingi. Mipini ya chuma ilipokubaliwa, Marekani katika miaka ya 1920 na Uingereza mwaka 1929, viwanda viliweza kutengeneza fimbo zinazofanana kabisa, kuzipanga kwa namba na kuziuza kwa seti. Hapo mifuko ikaanza kuvimba. Lawson Little wa Marekani, aliyeshinda mashindano makuu ya wachezaji wa ridhaa ya Uingereza na ya Marekani mwaka 1934 na tena 1935, alichukua fimbo zaidi ya 20. Wakuu wa mchezo waliona kwamba ustadi wa mkono waanza kununuliwa dukani. Ndipo Wamarekani wakaweka kikomo cha 14 kuanzia mwaka 1938, na chama cha St Andrews, Scotland, kikafuata mwaka 1939.

Basi sheria hii ilizaliwa ili kuizuia tamaa. Na tazameni tamaa ilivyoigeuza. Ukuta uliojengwa ili watu wasipite, leo watu wauona kuwa ndio mstari wa kuufikia. Mwenye fimbo 9 hujiona amepungukiwa na 5. Kikomo kimefanywa kipimo. Nasi twaona kwamba kosa hili haliko kwenye gofu peke yake. Ila kwenye gofu laonekana wazi, kwa kuwa fimbo zahesabika.

Tuwaangalie sasa waliocheza na chache. Mwaka 1916 Chick Evans wa Chicago, mchezaji wa ridhaa, alishinda mashindano ya wazi ya Marekani kwa mapigo 286, hesabu ambayo hakuna aliyeishusha katika mashindano hayo mpaka mwaka 1936. Mwaka ule ule alishinda na yale ya wachezaji wa ridhaa. Mfukoni mwake mlikuwa na fimbo 7. Severiano Ballesteros naye, mtoto wa kijiji cha Pedreña kaskazini mwa Hispania, alijifunza ufukoni akiwa na fimbo moja kuukuu, ya chuma namba 3. Kwa hiyo moja alijifunza kupiga mbali na karibu, juu na chini, na kuutoa mpira mchangani. Mwaka 1979, akiwa na umri wa miaka 22, alishinda mashindano ya wazi ya Uingereza.

Mtu atasema, hao walikuwa na kipaji, sisi hatunacho. Ni kweli. Lakini hoja hiyo yageuka dhidi ya msemaji. Ikiwa bingwa alitosheka na 7, mwanafunzi atazifanyia nini 14? Fimbo mbili zilizo jirani hutofautiana kwa mita 10 hivi za mwendo wa mpira. Tofauti hiyo yamfaa yule ambaye mapigo yake hayapishani kwa mita 10. Mchezaji wa kawaida, kwa fimbo ile ile moja, pigo hili lafika na lile lakatika njiani, moja laenda kulia na jingine kushoto. Kumpa mtu huyo fimbo ya kugawanya mita 10 ni sawa na kumpa mizani ya sonara mtu apimaye mchanga kwa koleo.

Tuzitaje basi. Fimbo ndefu ya kuanzia, iitwayo dreva, yapata inchi 45, tena uso wake una mwinamo wa digrii 9 au 10 tu. Ndiyo ngumu kuongoza kuliko zote, na aliye mgeni wa mchezo angeenda mbele salama zaidi kwa ile fupi kidogo yenye digrii 15 au 18. Fimbo za chuma namba 3 na namba 4 zataka mkono wa kasi na wa hakika. Ndiyo sababu hata wenye ujuzi wengi wameziacha, wakachukua zile za mchanganyiko, zenye kichwa kinene kinachoinua mpira kwa urahisi. Fimbo yenye mwinamo wa digrii 60, ya kuurusha mpira juu sana, ni wembe mikononi mwa asiyejifunza kunyoa. Mipira ya bei kubwa, iliyotengenezwa ili izunguke na kusimama kwa amri, haisikii amri ya asiyejua kuamuru. Hupotea vichakani kama ya bei ndogo, ila kwa hasara kubwa zaidi. Na chombo cha kupimia umbali kwa mwanga humwambia mtu kwa uhakika umbali ambao hawezi kuupiga kwa uhakika.

Hatuwezi kuupita udanganyifu mmoja wa biashara hii. Miongo kadhaa iliyopita, fimbo ya chuma namba 7 ilikuwa na mwinamo wa digrii 35 hivi. Leo nyingi zinazouzwa kwa wachezaji wa kawaida hazifiki digrii 30. Kwa maneno mengine, fimbo ambayo baba angeiita namba 5, mwana huuziwa kwa jina la namba 7. Yeye hupiga, huona mpira umeenda mbali kuliko jana, hufurahi, hulipa. Mafundi wana sababu zao, kwani vichwa vya siku hizi huuinua mpira juu hata kwa mwinamo mdogo, nasi hatuwakatalii. Lakini mnunuzi aliyedhani amenunua nguvu, sehemu kubwa ya alichonunua ni namba. Na kwa kuwa fimbo zote zimesogea, pengo limezuka huku chini, karibu na shimo. Ndipo huambiwa anunue nyingine ya kuliziba.

Sasa tuje kwenye kiini cha jambo. Zamani sana Aristotle alifundisha kwamba vyombo vya kila ufundi vina kikomo, kwa wingi na kwa ukubwa, maana kikomo chake ni kazi ile vilivyofanyiwa. Mtakatifu Tomaso wa Akwino naye, alipoandika juu ya choyo, alitumia mfano wa dawa: kipimo chake ni afya ya mgonjwa. Hakuna mwenye akili ajitapaye kwa wingi wa dawa anywazo. Kwa kanuni hiyo, chombo kisicho na kazi mikononi mwa mwenyewe hakijawa bado chombo chake. Ni mzigo tu. Wazee wetu walilijua hilo kwa njia ya shamba, wakasema mchagua jembe si mkulima. Hawakulidharau jembe. Walimwonya yule ambaye kila msimu hulaumu jembe ili asiulaumu mkono wake.

Ndilo neno lililo zito hapa. Hasara ya kwanza ya fimbo isiyohitajiwa ni ya ukweli, hata kabla ya ile ya fedha. Kwenye kiwanja chenye hesabu ya mapigo 72, mapigo 36, yaani nusu nzima, yamewekwa kwa ajili ya kuusukuma mpira karibu na shimo, mawili kwa kila shimo. Fimbo ya kazi hiyo ni moja tu, na mazoezi yake yaweza kufanywa hata juu ya zulia nyumbani bila gharama. Lakini mazoezi hayo yachosha, tena yamwonyesha mtu alivyo. Kununua hakuchoshi. Basi mtu hununua ili asijione, na kila fimbo mpya humpa miezi michache ya kutokujijua.

Wapo watakaotupinga, nao wasikilizwe. Watasema: Fedha ni yake, ameitolea jasho, fundi wa kiwandani naye ana watoto, na kuipenda kazi nzuri ya mikono si dhambi. Twakubali yote matatu. Mwenye kununua fimbo kwa kuwa ni nzuri, akajua kwamba ni pambo, akawa ameyatimiza ya nyumbani kwake, hatumhukumu. Tunayesema naye ni yule aitaye pambo lake hitaji. Maana mtu akishaita kitu hitaji, hukipa haki ya kutangulia. Na katika nyumba yenye mapato ya kawaida, kila kinachotangulia huacha nyuma kingine, kiwe karo ya mtoto, kiwe bati la mama mzazi.

Tena kuna wengine wawili wanaolipa bila kuulizwa. Wa kwanza ni mchukuzi. Mfuko uliojaa hupita kilo 10, na katika viwanja vya Afrika ya Mashariki mara nyingi huchukuliwa na kijana, kilomita kadhaa, chini ya jua. Fimbo ambazo bwana hazigusi mchana kutwa, yeye amezihisi begani kila hatua. Wa pili ni kijana aliye nje ya ua, apendaye kujaribu, ambaye huihesabu mifuko ya waliomo ndani, akaona 14, akageuka akaenda zake, akiamini kwamba mchezo huu si wa watu kama yeye. Amefungiwa mlango na sheria ambayo haipo.

Chick Evans alikuwa mchukuzi wa mifuko utotoni. Alipopata fedha kwa sababu ya jina lake, hakuzichukua, asije akaacha kuwa mchezaji wa ridhaa. Kwa shauri la mama yake zikatengwa ziwasomeshe vijana wachukuzi. Wa kwanza wawili waliingia chuo kikuu mwaka 1930, na mfuko huo wasomesha vijana hata leo. Hatudai kwamba kila mwenye fimbo 7 atakuwa mkarimu hivyo, wala kwamba mwenye 14 ni mchoyo. Twasema tu kwamba aliyejua kinachomtosha alikuwa na mkono mwepesi wa kutoa.

Kwa anayeanza, basi, shauri letu ni hili. Achukue fimbo moja ya mwendo mrefu yenye mwinamo wa kutosha, moja ya mchanganyiko, za chuma namba 6 na namba 8, moja fupi ya kukaribia shimo, moja ya mchangani, na moja ya kusukumia. Ni 7. Zikiwa zimetumika na mtu mwingine, si aibu. Naye aliyekwisha kununua zote azimwage sakafuni jioni moja, akumbuke mara ya mwisho aliyoitumia kila moja na pigo lilivyokwenda; zisizo na jibu ampe anayetamani kujifunza.

Na atakayefika siku moja akahitaji ya 8, ataijua mwenyewe, kwa kuwa atakuwa amekutana kiwanjani, si mara moja, na pigo ambalo zile 7 haziliwezi. Hapo ainunue bila wasiwasi.