Mgonjwa Asiyeweza Kusema

Hadi miaka ya 1980, huko Ulaya na Marekani, watoto wachanga walifanyiwa upasuaji kwa dawa kidogo sana za maumivu, na wengine bila dawa kabisa, kwa imani kwamba ubongo wao haujakomaa kiasi cha kuhisi uchungu. Mwaka 1987 watafiti Anand na Hickey walichapisha makala iliyokusanya ushahidi wa kinyume chake: mapigo ya moyo, homoni na sura ya mtoto vyote vilionyesha kwamba anaumia. Kinachonishughulisha zaidi ni jinsi kosa hilo lilivyodumu. Lilidumu kwa sababu aliyeumizwa hakuwa na maneno ya kulalamika, nasi ni wepesi wa kudhani kwamba asiyesema hana lake. Ninachokitetea ni hiki: haki ya mgonjwa kuangaliwa kwa makini haitokani na uwezo wake wa kuidai, wala na uwezekano wake wa kupona. Mahali pawili hospitalini hulidhihirisha jambo hili kuliko pengine popote: wodi ya watoto wachanga wasio na tiba, na chumba cha dharura anapoletwa aliyedhuriwa na binadamu mwenzake.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 Tanzania ulionyesha kwamba kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 24 hufa kabla ya kutimiza mwezi mmoja; Kenya ni 21. Wengi wao wangeokolewa kwa joto, oksijeni na dawa za maambukizi, na hilo lisisahaulike. Lakini yupo mtoto aliyezaliwa bila sehemu kubwa ya ubongo, yupo njiti ambaye mapafu yake hayawezi tena. Kwake kazi ya muuguzi haipungui, inabadilika. Anausoma uso: kipaji kilichokunjamana, macho yaliyofumbwa kwa nguvu, mkunjo unaoshuka kutoka puani hadi pembeni mwa mdomo. Anapunguza sindano zisizo na faida, anadondosha maziwa ya mama mdomoni, anamlaza mtoto kifuani kwa mzazi, ngozi kwa ngozi, na anaomba mofini inapohitajika. Ndugu humfariji mama kwa kumwambia Mungu atampa mwingine. Nia yao ni njema, ila maneno hayo yanampita huyu aliyepo. Muuguzi anayeuliza jina la mtoto na kuliandika kwenye faili, anayeuliza kama wazazi wangependa aadhiniwe au abatizwe, anakiri kwamba mtu amekuja duniani.

Chumba cha dharura kina haraka nyingine. Analetwa kijana aliyechomwa kisu, hana fahamu, na shati lazima likatwe. Mkasi ukipita kwenye tundu la kisu, ushahidi umekwenda. Ukipita pembeni, umebaki. Shati lililoloa damu likifungwa kwenye mfuko wa plastiki huota ukungu, hivyo hukaushwa, likatiwa kwenye mfuko wa karatasi, na kila anayelipokea akaandika jina na saa. Hapa pia mwili unasema kwa niaba ya mwenyewe, na muuguzi mara nyingi ndiye wa kwanza kuusikia.

Watapinga wengine kwamba muuguzi mmoja mwenye vitanda vingi hana muda wa kumpa anayekufa. Pingamizi hili ni zito. Ni kweli kwamba lazima amkimbilie kwanza anayeweza kuokolewa. Lakini uhaba unapanga nani atangulie. Haumpi mtu ruhusa ya kumhesabu mwingine kuwa si kitu. Tena kifua cha mama na tone la maziwa havigharimu kama mfululizo wa sindano zinazochomwa ili tu ionekane kuna kitu kinafanyika. Wanaosema kwamba kuziacha sindano hizo ni kumwingilia Mungu wanachanganya mambo mawili: kuacha kumtesa mtoto si kumpangia saa yake.

Wengine wanahofu kwamba muuguzi anayehifadhi ushahidi anageuka askari, na majeruhi wataikimbia hospitali. Hofu hiyo ina msingi pale fomu ya polisi, PF3, inapotangulizwa mbele ya matibabu. Aliyebakwa anahitaji kuanza dawa za kinga ya VVU ndani ya saa 72, na saa hizo hazingojei fomu. Lakini muuguzi hamtumikii mlalamikaji wala mshtakiwa. Anaandika alichokiona, na jeraha lililoandikwa vizuri laweza pia kumwokoa aliyesingiziwa. Mwenye fahamu huombwa ridhaa, na akikataa huachwa. Kwa asiye na fahamu, kulitunza shati ni kumhifadhia nafasi ya kuamua mwenyewe atakapozinduka.

Umakini wa namna hii unachosha, na hauwezi kudaiwa kwa wauguzi kana kwamba hauna gharama. Aliyetoka kumkabidhi mama mwili wa mwanawe hawezi kwenda moja kwa moja kwenye kitanda kinachofuata akausoma uso mwingine kwa usahihi uleule. Anahitaji mwenzake wa kumpokea vitanda vyake japo kwa nusu saa, na huyo mwenzake lazima awe ameajiriwa, yumo kwenye orodha ya zamu ya siku hiyo.