Amana, betri na gari la mjomba

Ndugu msomaji, swali ninalotaka tulitafakari leo huenda likaonekana dogo. Mtu ameachiwa gari alitunze. Gari lisipoendeshwa, betri yake inakufa. Je, anaruhusiwa kuliendesha? Na kama anaruhusiwa, utunzaji unaishia wapi na matumizi yanaanzia wapi? Kabla ya kukuuliza wewe nimejiuliza mwenyewe, kwa sababu jambo hili lilinikuta.

Mjomba wangu anafanya kazi Muscat. Alipokuja likizo alinunua Dar es Salaam gari aina ya Toyota Celica, la milango miwili, la chini chini kama yale ya mashindano, akaja nalo hadi nyumbani Chunyu, wilayani Ruangwa. Siku ya kuondoka alinikabidhi funguo akasema, "Mpwa wangu, niangalizie gari." Hakuongeza neno. Anayetufahamu sisi Wamwera anajua uzito wa mjomba katika ukoo wetu. Nikajibu, "Inshaallah, mjomba," nikaitia funguo mfukoni.

Miezi miwili sikuligusa. Nilidhani huo ndio uaminifu wenyewe: mali ya mtu haiguswi. Nikalifunika turubai, na kila nilipotoka Nachingwea ninakofundisha nilihakikisha tu kwamba watoto hawajalichezea. Mwezi wa tatu nilipojaribu kuliwasha, liligugumia mara moja likanyamaza. Hata honi haikulia.

Fundi wa umeme wa magari alipofika na mita yake, betri ilisoma volti 10 na nusu. Akanieleza mambo ambayo nilipaswa kuyauliza siku ya kwanza. Betri ya gari ina vyumba sita, na ikijaa husoma volti 12.6 hivi. Ikishuka hadi 12 tayari ina njaa. Gari likiwa limezimwa, king'ora, saa na redio vinaendelea kula umeme kidogo kidogo. Tuseme vinakula miliampea 50 tu. Kwa siku ni ampea-saa 1.2, na betri ya ampea-saa 45 hupoteza nusu ya nguvu zake katika muda usiotimia wiki tatu. Hata ukiondoa mzigo huo wote, betri hujipunguza yenyewe, na joto kama la huku kwetu huharakisha jambo hilo. Ikikaa muda mrefu bila chaji, bamba za risasi ndani yake hujenga ganda gumu, na hapo hata ukiichaji haipokei sawasawa.

Aliliwasha kwa kuunganisha nyaya kutoka betri ya gari jingine, kisha akaniusia mambo mawili. La kwanza, kuwasha gari dakika tano uani na kulizima hakusaidii, kwa sababu kuliwasha tu kunanyonya umeme mwingi ambao alteneta haiwahi kuurudisha; likiwashwa, liendeshwe nusu saa au zaidi. La pili, njia nyepesi kuliko zote ni kuchukua spana namba 10, kufungua waya wa hasi kwenye betri, na kuipeleka betri ikachajiwe kila baada ya mwezi au miwili.

Usia wa kwanza niliushika barabara. Wa pili niliusahau. Ndugu msomaji, angalia jinsi nafsi inavyochagua cha kukumbuka.

Ijumaa ya kwanza niliendesha nusu saa, nikarudi. Ijumaa iliyofuata nilikwenda nalo kuswali Ruangwa mjini. Ya tatu nilikaa kidogo baada ya swala, watu wakalizunguka, vijana wakaomba kupiga picha. Msimu wa korosho ulipofika, harusi zikawa nyingi, na mwalimu akawa anaonekana Nachingwea ndani ya gari jekundu. Mafuta nilinunua mwenyewe, na hilo lilinipa amani. Betri ilikuwa nzima kabisa.

Siku moja mjomba akapiga simu. Akauliza habari za nyumbani, kisha, "Na gari je?" Nikajibu, "Halina tabu, mjomba. Nalichaji kila Ijumaa." Akashukuru na kuniombea dua. Nilipokata simu, dua ile ilinikaa vibaya. Kila neno nililosema lilikuwa kweli, na jumla yake ilikuwa uongo.

Hapa ndipo nilipofungua vitabu, kama nilivyopaswa kufanya kabla ya kulipanda gari. Amri ya kurejesha amana kwa wenyewe imo katika Sura An-Nisaa, aya ya 58, na hapana Muislamu asiyeijua. Lakini mafaqihi walikwenda mbali zaidi ya kurejesha. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277), ameeleza katika Minhaj, kitabu kinachotegemewa mno katika madhehebu yetu ya Shafi, kwamba aliyeachiwa nguo za sufi ni juu yake kuzianika upepo ili wadudu wasizile, na hata kuzivaa pale inapohitajika kwa ajili ya kuzihifadhi. Aliyeachiwa mnyama akaacha kumlisha, mnyama akafa, atalipa. Kumbe ile miezi yangu miwili ya turubai ilikuwa uzembe niliouvika kanzu. "Sikuligusa" si utetezi, ikiwa kutolishughulikia ndiko kunakoliua.

Lakini katika mlango huo huo Nawawi anataja miongoni mwa sababu za mtu kubeba dhamana ya amana: kuivaa au kuipanda kwa njia ya hiyana. Zingatia hapo. Kuvaa nguo ya mtu ni wajibu katika mas-ala moja na ni hiyana katika mas-ala nyingine. Kitendo ni kile kile, na mtazamaji aliye nje hawezi kutofautisha. Kinachotenganisha ni haja ya kile kitu chenyewe: je, nguo ndiyo inayohitaji kuvaliwa, au ni wewe unayehitaji kuvaa?

Wapo watakaosema: hasara iko wapi? Gari lingekaa bure, betri imepona, mafuta kanunua mwenyewe. Tena wataleta hadithi aliyoipokea Bukhari, kwamba mnyama aliyewekwa rehani hupandwa kwa sababu ya gharama za kumlisha. Hoja hii ina nguvu, basi tuijibu kwa insafu. Kwanza, wanazuoni wamehitilafiana ni nani anayepanda: Imam Ahmad aliona ni yule anayeshika rehani, na Imam Shafi akaona haki hiyo imebaki kwa mwenye mnyama. Pili, hata wanaoruhusu wanasema iwe kwa kadiri ya gharama, na gari lililosimama halikuwa likila mafuta yangu. Mafuta niliyanunua ili nitembee. Tatu, hasara si kipimo pekee. Mwenye mali ana haki ya kuamua mali yake itumikeje, na haki hiyo ikichukuliwa bila yeye kujua, kitu chake kimechukuliwa hata kama hakuna kilichovunjika.

Zaidi ya hayo, hoja ya haja inaanguka mbele ya spana namba 10. Kama kazi ya dakika mbili ingetosha kuilinda betri, basi safari ya harusini haikuwa haja ya betri. Ndiyo maana nasema kukijua kitu ulichoachiwa ni sehemu ya amana. Ujinga unafungua milango miwili kwa pamoja: unamfanya mtu aue kitu akidhani anakihifadhi, na unamfanya akitumie akidhani anakiokoa. Fundi yule, kwa maelezo ya robo saa, alinichorea mpaka wa halali na haramu katika jambo langu kuliko nilivyouchora mwenyewe na shahada yangu ya chuo kikuu.

Kuna kipimo nilichojiwekea, nawe kipime. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wazee. Chukua daftari, andika tarehe, kilomita zilizosomeka kabla na baada, na sababu ya safari. Kisha jiulize: naweza kumsomea mwenye gari ukurasa huu bila kuruka mstari? Safari yangu ya kwanza ningeisoma. Ya tatu ningeikohoa. Qur-an imetueleza katika Sura Al-Qiyaama, aya ya 14 na 15, kwamba mtu ni shahidi juu ya nafsi yake hata akitoa nyudhuru zake zote.

Suala hili haliishii kwenye gari. Msikiti una jenereta, na mwenye kuitunza anaiwasha nyumbani kwake "isigande." Kamati ina pikipiki ya kufuatilia shamba la wakfu, na pikipiki inalala kwa katibu. Yatima ameachiwa fedha. Hapa pia kuzifungia tu sandukuni si jibu: imepokewa katika Muwatta ya Imam Malik kwamba Sayyidna Umar (r.a.) alihimiza mali za yatima zifanyiwe biashara ili zaka isizimalize. Fedha iliyolala hupungua kama betri. Lakini anayeizungusha aizungushe kwa ajili ya yatima. Sura An-Nisaa, aya ya 6, imemtaka msimamizi tajiri ajizuie, na maskini ale kwa kadiri inayokubalika. Hakuna kati yao aliyeruhusiwa kujisahau.

Ama mimi, nilimpigia mjomba Ijumaa iliyofuata. Nikamweleza yote: turubai, fundi, Ruangwa, harusi. Akanyamaza kitambo, nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Mpwa wangu, ungeniomba ningekupa. Sasa umeninyima hata thawabu ya kukupa."

Maneno hayo sijayapatia jibu mpaka leo. Nilikuwa nikihesabu nilichokichukua kwenye gari. Sikujua kwamba nilichukua pia nafasi yake ya kuwa mkarimu.

Betri sasa iko ndani kwangu, waya umefunguliwa, na kila mwezi inakwenda kuchajiwa. Mara moja moja gari linaendeshwa ili magurudumu yasikae upande mmoja, kwa idhini yake, na daftari limo kwenye droo ya gari. Akija atalisoma mwenyewe.

Allah (s.w.) atujaalie kuwa miongoni mwa wanaochunga amana zao. Wallahu a'alam.