Nani Kakwambia Halina Jibu?

Una sarafu 100. Unataka kuku 100. Jogoo mmoja ni sarafu 5, tetea mmoja ni sarafu 3, vifaranga watatu ni sarafu 1. Sarafu zote ziishe, kuku wafike 100 kamili.

Utanunua majogoo wangapi?

Usikimbie. Macho yako yameshaanza kuteremka chini kutafuta jibu, kama ulivyokuwa ukifunua kurasa za mwisho za kitabu cha hesabu kabla hujasoma swali. Rudi juu. Soma tena.

Visivyojulikana ni vitatu: majogoo, tetea, vifaranga. Milinganyo ni miwili tu, mmoja wa idadi na mmoja wa bei. Na hapo ndipo ulipozoea kusalimu amri. Darasani ulikariri kwamba herufi mbili zinataka milinganyo miwili, herufi tatu zinataka mitatu. Siku ulipokuta mmoja umepungua ukaandika "haiwezekani", ukaweka kalamu chini, ukaanza kuangalia dirishani.

Nani alikwambia haiwezekani?

Ulijaribu hata namba moja?

Swali hili ni la China. Limo katika kitabu cha hesabu cha Zhang Qiujian, cha karne ya 5. Hakuwa na kikokotoo. Hakuwa na hata alama hizi za x na y unazosema zinakuumiza kichwa. Akatoa majibu matatu.

Matatu! Wewe ulisema halina hata moja.

Shika penseli. Sasa hivi, siyo baada ya chai. Majogoo waite j, tetea t, vifaranga v. Idadi inasema j + t + v = 100. Bei inasema 5j + 3t + v/3 = 100. Hiyo sehemu ya tatu inakukera? Iondoe! Zidisha mlinganyo wa bei kwa 3: 15j + 9t + v = 300. Sasa toa ule wa idadi. Vifaranga wametoweka, umebaki na 14j + 8t = 200. Gawa kwa 2.

7j + 4t = 100.

Umeona? Dakika mbili. Swali lililokutisha limebaki mstari mmoja.

Sasa fikiri, usikariri. 100 inagawanyika kwa 4. 4t inagawanyika kwa 4. Basi na 7j lazima igawanyike kwa 4, na kwa kuwa 7 haina undugu wowote na 4, mzigo wote unamwangukia j. Majogoo ni 4, au 8, au 12. Wakifika 16 umeshavuka 100. Chagua 4: tetea ni 18, vifaranga 78. Chagua 8: tetea 11, vifaranga 81. Chagua 12: tetea 4, vifaranga 84. Piga bei ya kila jibu uone kama sitimizi neno langu. Na kama huwataki majogoo kabisa, tetea 25 na vifaranga 75 nao wanatimiza hesabu.

Rudia neno hilo: chagua.

Hilo ndilo ulilonyimwa uliposhika kanuni bila kuiuliza chochote. Mlinganyo unapopungua, herufi moja inabaki huru. Hakuna anayekuamulia thamani yake. Ukishaiamua wewe, nyingine zote zinajipanga nyuma yake. Uchukue kila mlinganyo kama bapa moja. Tazama ukuta na sakafu ya chumba ulichomo: bapa mbili, zinakutana wapi? Kwenye mstari mzima, kutoka kona hadi kona. Bapa ya tatu ingekata mstari huo na kukuachia nukta moja. Hukupewa ya tatu. Kwa hiyo mstari wote ni wako, na kila nukta juu yake ni jibu.

Na ukishapata moja, hayo mengine hayako mbali. Ongeza majogoo 4, punguza tetea 7, ongeza vifaranga 3. Idadi: 4 toa 7 jumlisha 3, sifuri. Bei: 20 toa 21 jumlisha 1, sifuri. Umetembea kutoka jibu hadi jibu bila kugusa masharti hata kidogo. Kila nikiiangalia hatua hiyo nasisimka, na sioni aibu kusema hivyo.

Ni kweli, kuna mifumo isiyo na jibu. Ukiambiwa x + y + z ni 1, kisha ukaambiwa hiyo hiyo x + y + z ni 2, acha kujisumbua, kauli hizo zinapingana. Lakini namba zozote zikiruhusiwa, hiyo ndiyo ruhusa yako pekee ya kuandika "halina jibu", na lazima uonyeshe mgongano ulipo. Milinganyo ya aina hii isipopingana na herufi zikawa nyingi kuliko milinganyo, majibu hayana mwisho. Ukidai namba nzima zisizo chini ya sifuri, kwa kuwa nusu kuku haiuzwi, yanapungua. Ndiyo maana hapa yamebaki machache.

Unasema huko ni China, karne ya 5? Basi nenda banda la kuku la mtaani kwako. Anayechanganya chakula ana mahindi, pumba, mashudu na dagaa. Vitu vinne. Masharti mawili: uzito wa gunia na kiwango cha protini. Anakaa akilia kwamba masharti hayatoshi? Anaangalia bei ya dagaa wiki hii, anaamua kiasi, anapanga vilivyobaki. Kuku wanakula.

Na wewe unasubiri nini?

Msikilize mwanahisabati Abu Kamil wa Misri, aliyezaliwa karne ya 9. Aliona watu wakiulizwa maswali ya ndege 100 kwa dirhamu 100, wakijibu kwa kubahatisha jibu moja na kuondoka. Hakuridhika. Alichukua swali la ndege wa aina 5, masharti mawili tu, akayasaka majibu moja baada ya jingine. Akapata 2,676. Alipowasimulia watu, wapo walioshangaa, wapo waliomtilia shaka. Ndipo akaandika kitabu kizima kuonyesha njia. Waliohesabu upya baadaye walipata 2,678.

Alikosa mawili! Mtu aliyehesabu kwa mkono hadi 2,676 alikosa mawili, na jina lake bado tunalitaja. Wewe unaogopa kukosea lile la kwanza?

Njoo karibu zaidi. Mwaka 2006 watafiti Emmanuel Candès, Justin Romberg na Terence Tao walichapisha kazi iliyoshika swali hili kwa pembe nyingine. Picha yao ya majaribio ilikuwa na vitone 262,144, kila kimoja hakijulikani. Vipimo walivichukua kwenye mistari 22 tu. Pengo la kutisha! Lakini walijua jambo moja kuhusu picha ile: sehemu kubwa yake haibadiliki kutoka kitone hadi kitone. Katika majibu yasiyo na mwisho wakatafuta lile lenye mabadiliko machache kuliko yote, na picha ikarudi kamili. Maarifa ya aina hiyo leo yamo ndani ya mashine za MRI zinazopiga picha za ndani ya mwili, na mgonjwa hulala humo muda mfupi zaidi.

Hawakuwa na vipimo vya kutosha. Walikuwa na sababu ya kuchagua.

Akili yako haikupungukiwa chochote cha kuanza nacho. Imelala tu, na imelala kwa sababu kila ilipofumbua jicho uliiambia "hesabu si zangu". Zilikuwa za nani basi? Umejigawia lini wewe sehemu ndogo?

Leo usiku, kabla ya kulala. Karatasi moja, penseli moja. Hili ni la Abu Kamil mwenyewe: dirhamu 100, ndege 100. Bata mmoja ni dirhamu 5. Shomoro 20 ni dirhamu 1. Kuku mmoja ni dirhamu 1. Ndege wa kila aina wawepo.

Herufi tatu, milinganyo miwili, na safari hii jibu ni moja tu.

Anza na b + s + k = 100.