Lowesha Mikono Kwanza

Likizo hii mjomba alinipeleka Mto Sagana, chini ya Mlima Kenya, kuvua trauti, samaki wa maji baridi aliyeletwa Kenya mwaka 1905. Chambo ni nzi wa bandia: manyoya ya jogoo yaliyofungwa kwa uzi kwenye ndoana. Wangu nilimfunga saa nzima, akatoka kama buibui aliyenyeshewa!

Hatimaye nikanasa mmoja. Nikamrukia nimtoe ndoana, nimrudishe mtoni. Mjomba akafoka, "Wewe! Lowesha mikono kwanza." Kumbe mkono mkavu humtoa samaki ute unaomkinga. Anaogelea vizuri tu, unamwona mzima, halafu baadaye anaugua.

Pale Yesu anapomwambia Petro atakuwa mvuvi wa watu (Lk 5:10), Luka ametumia neno la Kigiriki lenye maana ya kukamata akiwa hai. Hilo nililijua darasani zamani. Lakini mwaka jana rafiki yangu alirudi Misa baada ya miaka miwili, nami mlangoni nikamwambia kwa sauti, "Leo umepotea njia?" Watu wakacheka. Naye akacheka. Hajarudi tena.

Jioni hii nampigia simu. Mniombee.