Bomu la Profesa Mazrui

Mwaka 1979 Profesa Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, alialikwa na BBC kutoa Mihadhara ya Reith, ile ya redio iliyofunguliwa na mwanafalsafa Bertrand Russell mwaka 1948. Alizungumzia hali ya Afrika kwa mihadhara sita. Katika hoja zake zote, moja iliwashtua wengi: Afrika nayo iwe na silaha za nyuklia.

Mazrui hakuwa mpenda vita. Aliona kwamba wakubwa wa dunia hawataziacha silaha hizo maadamu wanaamini ziko salama mikononi mwao; zikiwafikia wale wasiowaamini, hofu itawasukuma wakubali kuziteketeza zote. Humo mna swali la kale la maadili: je, inafaa kuuzidisha ubaya kwa nia ya kuukomesha? Mna pia swali la haki, na hapo ndipo hoja yake inapouma. Mkataba wa kuzuia kuenea kwa silaha hizo, ulioanza kutumika mwaka 1970, uliyaruhusu mataifa matano kuzimiliki na kuyakataza mengine. Nani aliyeyapa matano hayo dhamana juu ya uhai wa dunia nzima?

Lakini bomu la Afrika lingeshikwa na nani? Mazrui alikuwa amefundisha Chuo Kikuu cha Makerere, na utawala wa Idi Amin ndio uliomfanya aihame Uganda. Mtu aliyeyaona hayo alipaswa kubanwa kwa swali hilo palepale, mbele ya watu.

Haikuwezekana. Enzi hizo mhadhiri alisoma studioni, msikilizaji akabaki na redio yake. Mwaka 1999 mwanasosholojia Anthony Giddens, akitoa mihadhara hiyohiyo, alizungumza mbele ya hadhira London, Hong Kong, Delhi na Washington, na watu wakamhoji. Mabadiliko hayo yalichelewa mno. Mazrui angemudu kuhojiwa hivyo: baba yake, Sheikh Al-Amin, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliasisi gazeti la Al-Islah Mombasa mwaka 1932 na kuwakabili watu wa mji wake kwa hoja nzito kuhusu dini, elimu na ukoloni.

Afrika ilifuata njia nyingine. Mwaka 1993 Rais de Klerk alitangaza kwamba Afrika Kusini ilikuwa imeunda mabomu sita na kuyavunja yote. Mkataba wa Pelindaba, unaolifanya bara zima kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia, ulifunguliwa kutiwa saini mwaka 1996 na kuanza kutumika mwaka 2009. Yale mataifa matano bado yanazo.